Vumbi Lisilofutwa

Kwa Bi Sabuni vumbi halilali. Likitua asubuhi, mchana limeshahama. Jina hilo alipewa kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, ambako maisha yake yote yaliishia katika mashuka: kuyaloweka, kuyachemsha, kuyapiga pasi, na kuyainua kwenye mwanga kuona kama doa limetoka kweli au limejificha tu. Alipostaafu, kazi aliiacha, jina likamfuata mpaka nyumbani.

Mumewe alikuwa fundi wa eksirei katika hospitali hiyohiyo, na mtaa mzima unamwita Mzee Eksirei. Yeye kazi yake ilikuwa vivuli. Ufa wa mfupa mwembamba kama unywele, kivuli kidogo kwenye pafu ambacho mtu mwingine angesema ni uchafu wa filamu. Alipostaafu watu walidhani atapanda mboga au atakaa kibarazani kupokea salamu za wapita njia. Yeye akajenga kibanda nyuma ya nyumba.

Kibanda chenyewe ukikiona mchana utasema ni stoo ya jembe. Kuta za mbao, mlango mmoja, dirisha hakuna. Ajabu yake ni paa. Paa lina magurudumu, na ukilisukuma linateleza juu ya reli mbili za chuma mpaka linakaa kando, juu ya nguzo zake, na kibanda kinabaki wazi kama sufuria isiyo na mfuniko. Ndani kuna darubini nene kama pipa, imesimama juu ya mguu wa chuma uliozikwa kwenye zege. Nyuma ya darubini, pale ambapo mtu angetia jicho, pamefungwa kamera. Mota ndogo inaizungusha yote polepole kuifuata nyota, polepole hivi kwamba ukikaa kuitazama utasema imekufa.

Mtu na akili zake akishajenga kitu kama hicho, ungetegemea apige picha ya mwezi. Mwezi unaonekana, una sura, hata mtoto anaujua. Mzee Eksirei alipiga picha ya vumbi.

Alimweleza mkewe mara nyingi, bila kuchoka. Kwamba huko juu, kati ya nyota na nyota, kuna mawingu makubwa ya vumbi. Mengine yana bahati, yamekaa karibu na nyota kali na yanang'aa. Mengine hayana taa ya jirani, yanaokoteza mwanga wa nyota zote za mbali, kidogo huku, kidogo kule, na yanakuwa na rangi ya kahawia iliyofifia ambayo jicho haliwezi kuiona hata ukilala chali uwanjani mpaka kuche. Ni kamera tu, ikiachwa wazi muda mrefu, usiku baada ya usiku, kisha picha zote zipangwe moja juu ya nyingine kwenye kompyuta, ndipo lile vumbi linaanza kujitokeza. Hayo ndiyo aliyoyapenda. Yale yasiyo na taa.

Bi Sabuni alisikiliza mpaka mwisho, kama anavyomsikiliza kila mtu mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi nimefukuza vumbi tangu nina nguvu. Mume wangu anazeeka, analitafuta."

Ndani ya nyumba yao kulikuwa na sheria chache, na moja ilihusu kitambaa. Bi Sabuni haingii kibandani na kitambaa. Mzee Eksirei haingii jikoni na maoni. Sheria ya kwanza ilimuuma sana mwanamke, maana alikuwa ameshaona kwa macho yake kwamba kioo cha mbele ya kamera kina chembe za vumbi. Za hapa duniani, za kawaida, za kupuliza tu na kupangusa. Mzee hakutaka hata zipulizwe.

Sababu alimweleza pia. Kila chembe kwenye kioo inaweka kivuli chake kwenye kila picha, mahali palepale. Hilo si tatizo, alisema, mradi chembe isisogee. Mwisho wa kazi unachukua shuka jeupe safi, unalivuta mdomoni mwa darubini lisiwe na kunjo, unapiga picha ya ule weupe mtupu. Kwenye weupe huo vivuli vya chembe vyote vinajianika. Kompyuta inavijua, inaviondoa. Lakini ukishafuta kioo kabla ya kupiga picha za shuka, umefukuza shahidi kabla hajatoa ushahidi. Vivuli vimebaki kwenye picha za zamani na hujui tena kipi ni chembe na kipi ni wingu la mbinguni.

Wapiga picha wengine wa nyota hupiga picha za shuka kila wanapomaliza usiku wao. Mzee Eksirei alikuwa na tabia yake. Kamera yangu haichomolewi, alisema, haiguswi, kwa nini nijisumbue kila siku? Nitapiga mara moja, mwisho wa msimu.

"Uvivu nao ukipewa darasa unaongea vizuri," alijibu mkewe, na wakaachana hapo.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka kitinda mimba wao alipopiga simu. Binti huyu ni fundi wa kuchomelea vyuma, mikono yake ina alama za cheche mpaka kwenye viwiko. Amepata kazi kwenye karakana iliyo karibu na wazazi, anakuja kuishi nyumbani, yeye na mwanawe anayeanza kutembea. Habari ilikuwa njema na Bi Sabuni alicheka peke yake siku nzima. Jioni akaanza kupima. Nyumba ina chumba kimoja cha kulala na sebule. Uani, upande mmoja kuna tangi la maji, upande wa pili kamba zake za nguo, na pale katikati, penye nafasi nzuri ya chumba, kimekaa kibanda na nguzo za paa lake.

Hakupiga kelele. Mwanamke huyu kelele si silaha yake. Alimsubiri mumewe anywe chai yake, akamwambia kwamba mtoto hawezi kulala sebuleni na kitoto wakati vumbi lina nyumba yake. Mzee alisema picha yake imebakiza kidogo. Bi Sabuni alisema anaisikia hiyo kidogo tangu msimu uliopita. Wakabishana kwa upole, kama watu wanaokunja shuka, huyu anavuta huku na yule kule, mpaka kingo zikakutana.

"Sikiliza, baba watoto," alisema Bi Sabuni. "Maliza picha yako. Siku ukiimaliza nionyeshe. Nikiliona hilo wingu mwenyewe, kwa macho haya, bila wewe kuninyooshea kidole, kibanda kinabaki na nitajua mimi pa kumlaza mtoto. Nisipoliona, unakibomoa. Na mtoto akifika kabla hujamaliza, pia unakibomoa."

Mzee Eksirei alifikiri. Alimjua hakimu wake. Alikuwa mwanamke ambaye huko kazini aliwarudishia wauguzi shuka ambalo wao waliliona jeupe.

"Jicho lako halina upendeleo," alisema. "Nimekubali."

Basi ikawa hivyo. Yeye kila anga lilipokuwa safi alisukuma paa, na mkewe alisikia magurudumu yakinguruma, akageukia ukutani akalala. Picha zikajaa. Ikabaki kazi ya shuka.

Sasa, Mzee Eksirei ana mdogo wake, na huyu naye ni mpiga picha, ila wa harusi. Ni mtu mchangamfu, ana fulana yenye mifuko mingi, na hawezi kuona kamera ya mtu bila kuiulizia hali, kama daktari anayekutana na mgonjwa wa mwenzake. Alipita kuwasalimu siku ambayo kaka yake alikuwa ameenda kupimwa presha. Bi Sabuni alimkaribisha, akampa maji, wakaongea habari za familia, kisha mgeni akaomba aone hiyo kamera inayosemwa.

"Nenda ukaone, shemeji," alisema Bi Sabuni, akachukua ufunguo. "Ila usicheke. Mwenye nayo haipangusi."

Alisimama mlangoni mikono nyuma, sheria ni sheria. Shemeji mtu akaifungua kamera kutoka nyuma ya darubini, akaigeuza kwenye mwanga, akatoa sauti ya masikitiko kwa ulimi. Kutoka mfuko mmoja akatoa kipulizio cha mpira. Kutoka mfuko mwingine akatoa kitambaa laini. Akapuliza, akapangusa, akainua, akapangusa tena pembeni. Kisha akairudisha mahali pake na kuikaza.

"Bibi harusi hawezi kupigwa picha kwa kioo kama kile, shemeji," alisema.

"Hatimaye kuna mwenye akili katika ukoo wenu," alijibu Bi Sabuni, na roho yake ilikuwa nyeupe.

Hakuficha. Mumewe aliporudi, presha yake nzuri, alimpakulia chakula akamweleza kwa furaha kwamba mdogo wake amepita na amemsafishia kioo, kinameta kama jicho la mtoto. Mzee Eksirei alikuwa ameinua kijiko. Alikishusha polepole kando ya sahani. Aliuliza, amekifuta? Akaambiwa, amekifuta vizuri sana. Akasema, "Haya," akamaliza chakula chake chote ili mkewe asijue. Kisha akaenda kibandani na hakusukuma paa.

Siku zilizofuata anga lilifunga. Mzee alikaa mbele ya kompyuta akizipanga picha zake moja juu ya nyingine bila picha za shuka za kuzisafisha. Mdogo wake alipopigiwa simu na kuelezwa alichofanya, aliomba radhi, kisha akajitolea kuja kuyafuta madoa kwa mkono, moja moja, kama anavyofuta chunusi za mabibi harusi. Mzee alikataa. Utafuta chunusi na uso, alimwambia.

Ahadi ni deni, na alipomaliza kuzipanga alimwita mkewe. Alimvutia kiti mbele ya kompyuta, akasimama nyuma yake, akaweka mikono mifukoni ili kidole kisije kikajinyoosha chenyewe.

Bi Sabuni alivaa miwani. Aliangalia kona hadi kona, kama anavyoangalia shuka. Kulikuwa na nyota nyingi, ndogo ndogo, na nyuma yake weusi. Alitazama weusi. Na kwa kweli haikumchukua muda.

"Nimeyaona," alisema, na sauti yake ilikuwa na huzuni kidogo, maana alishaanza kuchagua rangi ya mapazia ya chumba cha mwanawe. "Si uongo, nimeyaona. Yale maduara. Moja hapa juu, mawili yameshikana pale, jingine kule chini. Kama alama za glasi ya maji kwenye meza ya mbao. Umeshinda, baba watoto."

Aligeuka. Mzee Eksirei alikuwa anatazama juu ya kichwa chake, kwenye kioo cha kompyuta.

Mtu aliyezoea kuandika majibu ya wagonjwa anajua jinsi jibu zuri linavyotamaniwa. Angenyamaza tu. Kibanda kingebaki, mkewe angeridhika, na hakuna mtu hapa mtaani ambaye angekuja kumwambia kwamba wingu la mbinguni halina umbo la mdomo wa glasi.

"Hayo siyo," alisema. "Hayo ni vumbi la kioo changu. Wingu lenyewe liko humo katikati, limefunikwa na hayo."

"Kwa hiyo lile la angani sijaliona."

"Hujaliona."

"Basi umeshindwa."

"Nimeshindwa," alisema Mzee Eksirei, akaenda kutafuta bisibisi.

Bi Sabuni alibaki kwenye kiti. Alihesabu upya mambo kichwani, bila haraka. Maduara. Kioo. Shahidi aliyefukuzwa. Akajiona amesimama mlangoni mikono nyuma, anamsifu shemeji. Uani alisikia chuma kikigonga chuma. Alitoka akamkuta mumewe amepiga magoti kwenye mwisho wa reli, ameshatoa skrubu ya kwanza na ya pili, amezipanga vizuri juu ya kitambaa kama vyombo vya upasuaji.

"Rudisha hizo," alimwambia.

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana nitazame picha uliyoimaliza. Hiyo hujaimaliza, imevurugwa, na imevurugwa nyumbani kwangu, ufunguo nimetoa mimi. Kesi ikiwa hivyo hata hakimu mlevi haitolei hukumu." Alikaa juu ya tofali, akanyoosha miguu. "Mtoto hajafika bado. Kuna njia au hakuna?"

Mzee alishika skrubu mkononi muda. Njia ilikuwepo, alisema, aliiwaza siku nzima iliyopita. Kioo sasa ni safi. Akipiga upya upande uleule wa anga, kwa kioo safi, picha mpya haitakuwa na yale maduara. Ukiziweka ya zamani na mpya pamoja, kile kilichomo katika zote mbili ni cha angani. Kile kilichomo katika ya zamani peke yake ni cha kioo, kinaondolewa. Hivyo usiku wake wote wa zamani haujapotea, unasubiri tu wa kuusafisha. Shida ni anga kufunguka kabla ya mtoto kufika.

"Basi rudisha skrubu," alisema Bi Sabuni. "Na safari hii shuka nitalipiga pasi mimi. Lile ulilokuwa umetundika mule nimeliona. Aibu."

Anga lilifunguka kwa kujivutavuta, leo ndiyo, kesho hapana. Bi Sabuni alizima taa ya uani mwenyewe, na jirani aliyeuliza kulikoni aliambiwa kuna mgonjwa. Kila Mzee alipomaliza, kabla hajagusa kitu kingine, shuka lilikuwa limeshafika, limekunjwa, lina joto la pasi, na mke na mume walilivuta mdomoni mwa darubini, huyu huku na yule kule, mpaka likawa halina hata kunjo moja. Safari hii hapakuwa na habari ya mwisho wa msimu. Mpiga picha wa harusi alikuja na kompyuta yake yenye nguvu kusaidia kuzipanga picha, na kabla hajavuka mlango Bi Sabuni alimwambia atoe alivyonavyo mifukoni, vyote. Aliviacha juu ya meza: kipulizio, kitambaa, brashi mbili. Alicheka lakini aliviacha.

Binti alifika na mabegi na kitoto kilicholala begani. Picha ilikuwa imekamilika asubuhi hiyohiyo. Hakupewa hata muda wa kuvua viatu, akavutwa mbele ya kompyuta pamoja na mama yake. Alikodoa, akainama, akarudi nyuma.

"Baba, mimi naona nyota," alisema. "Kuna kingine?"

Mikono ya Mzee ilikuwa mifukoni.

Bi Sabuni alifuta miwani yake. Maduara hayakuwepo tena, na bila maduara picha ilionekana tupu, na mwanzoni aliona tupu. Hakujilazimisha. Shuka likitoka kwenye maji ya pili ya kuchemsha, ukilikodolea hulioni doa. Unalitazama kama vile unawaza kitu kingine. Akaitazama picha hivyo. Mjukuu alihema begani kwa mama yake. Kisha pale kwenye weusi, weusi mmoja ukawa si sawa na mwenzake.

"Pana doa hapa," alisema.

Aliweka kidole karibu na kioo, hakugusa. "Linaanzia hapa, jembamba. La kahawia, kama chai iliyomwagika siku nyingi. Linapanda hivi. Hapa linapasuka njia mbili, moja inakufa, na hii inakwenda, inakwenda, inapita nyuma ya hii nyota kubwa, inatokea huku. Kisha inaishia." Kidole kikasimama. "Au haiishii. Picha ndiyo inaishia."

"Picha ndiyo inaishia," alisema Mzee Eksirei, akatoa mikono mifukoni.

Binti aliinama tena, akafuata njia ya kidole cha mama yake, akasema kwa sauti ndogo kwamba ehee, sasa analiona, mbona lilikuwa hapo muda wote.

Usiku ule binti na mwanawe walilala sebuleni, na kesho yake Bi Sabuni alitoka uani kutimiza upande wake wa makubaliano. Alizitazama kamba zake za nguo. Alikuwa ameshaamua kuzitoa ili pajengwe chumba. Binti alimfuata na kikombe cha chai, lakini yeye hakutazama kamba. Alizitazama nguzo na zile reli ambazo paa hukaa juu yake likifunguliwa, akaenda akapita chini yake, akainua mkono juu.

"Mama, hapa chini pana nini?"

"Hapana kitu. Paa linakuja kulala hapo juu."

"Paa linalala juu ya reli, chini pako wazi," alisema yule fundi vyuma, akagonga nguzo kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Niimarishe hizi kidogo, nifunge bati la kulala chini ya reli, kuta pande tatu, wa nne ni wa kibanda. Chumba hiki hapa. Kamba zako ziache."

Mzee aliitwa, akasema chumba kitakuwa na ngurumo juu kila paa likisukumwa. Binti akasema ameshawahi kulala karakanani. Mzee akaongeza kwamba taa isiwashwe paa likiwa wazi, hata ya simu, na mlango usigongwe, na mtoto asilie karibu na mguu wa darubini kwa sababu unatikisika. Bi Sabuni akamwambia hapo sasa amemaliza.

Chumba kilijengwa. Mtoto alizoea ngurumo upesi kuliko mama yake, ambaye siku za mwanzo alikuwa akigonga bati kwa mpini wa fagio, na baba yake akijibu kwa kugonga reli.

Msimu wa lile wingu ulipokwisha, likazama upande wa machweo na halipigiki picha tena mpaka mwakani, Mzee Eksirei alipiga picha za shuka za mwisho, akazikagua kwenye kompyuta kuhakikisha kila chembe imeonekana. Kisha akaja mpaka mlango wa jikoni, akasimama nje, maana ndani haingii na maoni.

"Mama watoto," alisema. "Kazi imeisha. Lete kitambaa."

Bi Sabuni alikausha mikono. Hakukimbia, ila hakuchelewa. Aliingia kibandani kwa mara ya kwanza akiwa na kitambaa mkononi, akapangusa kuta, akapangusa mguu wa chuma, akapangusa pipa la darubini juu na chini. Kioo cha kamera alikiacha mwisho. Alikipuliza, akakipitisha kitambaa mara moja, taratibu, akakigeuza kitambaa kwenye mwanga wa mlango.

Palikuwa na alama ndogo ya kijivu, hata haifiki ukucha.

"Ni haka tu?" aliuliza.

"Ni hako."

Alikitazama kitambaa kidogo, kisha akaenda nacho uani, akakikung'uta.